Jeshini, Penn State au jiomatiki ya nyumbani: usome wapi uchambuzi wa ramani za vita vya waasi?

Chukua picha moja ya setilaiti ya pwani ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, tuseme karibu na Palma. Imepigwa asubuhi. Pana mikoko, pana mlango wa kijito, na ufukweni zimepandishwa mashua kumi na kitu ambazo wiki iliyopita hazikuwapo. Picha ya usiku wake inaonyesha taa baharini, nyingi, zimekaa mahali pamoja. Mchambuzi wa kwanza anaandika: vyombo vinatembea usiku usio na mbalamwezi, huenda waasi wanavusha watu au silaha. Wa pili anafungua kalenda, anaona mwezi uko gizani, anaandika: wavuvi wa dagaa, hawa hutoka na taa zao giza likiingia, mbalamwezi ikirudi watapumzika, tutazame tena baada ya wiki mbili. Halafu anaongeza kwa mkono pembeni: anayevusha bunduki hawashi karabai.

Kompyuta zao ni sawa, programu ni ileile. Walichofundishwa ndicho kimetofautiana. Ripoti ya yule wa kwanza ikifika mezani kwa kamanda mwenye haraka, watu wanaweza kufa.

Vijana waliomaliza jiomatiki (elimu ya upimaji na ramani) au jiografia huniuliza wafuate njia gani ili wafanye kazi hii ya kusoma picha na ramani kwa ajili ya usalama. Njia ninazozifahamu vizuri kiasi cha kuzilinganisha ni tatu: shule ya jeshi, chuo kikuu cha Marekani kwa mtandao, na shahada ya hapa nyumbani ikiongezewa vitu. Wamarekani nawataja sana kwa kuwa fani hii kwa sura yake ya leo ni yao. Jina lake rasmi, geospatial intelligence, yaani ujasusi wa kijiografia, lilishika mwaka 2003, shirika lao la picha na ramani lilipobadilishwa jina likawa National Geospatial-Intelligence Agency, na madarasa yake makubwa yalikuwa Iraki na Afghanistan.

Adui asiye na umbo

Zamani msoma picha alikuwa mtu wa maumbo. Oktoba 1962 ndege ya upelelezi ya Marekani, U-2, ilipita juu ya Cuba, na siku iliyofuata wasoma picha wa Washington wakatambua makombora ya Kisovieti. Walishajua mitambo ya namna ile hupangwaje, magari yake yana urefu gani, mahema hukaa upande gani. Kombora linapimika na kifaru kina umbo lake. Mwasi yeye ana pikipiki, na pikipiki yake ni ileile ya bodaboda anayekupeleka sokoni. Analala nyumba ya bati kama ya jirani yake. Mara nyingine ni mtoto wa huyo jirani.

Kwa hiyo swali linabadilika. Linakuwa: kijiji hiki ni cha nani, shamba lile alinyang'anywa nani, gulio ni siku gani, msikiti mpya umejengwa na kundi lipi na la zamani linasemaje. Jeshi la Marekani liliyaandika haya Desemba 2006 katika mwongozo wake wa kupambana na uasi, FM 3-24. Lakini kuandika ni jambo moja. Januari 2010 Meja Jenerali Michael Flynn, aliyekuwa mkuu wa ujasusi wa kijeshi Afghanistan, alitoa ripoti na wenzake wawili wakilalamika kwamba baada ya miaka minane ya vita wachambuzi wao walikuwa wanawajua wategaji wa mabomu kuliko walivyozijua wilaya zenyewe: uchumi wake, wenye ardhi, wenye kauli. Mkuu wa idara ndiye aliyekuwa anaisema idara yake, na hadharani. Mimi ripoti ile naichukua kama kipimo: kila shule nitakayoitaja, naiuliza kama mhitimu wake angekuwa mmoja wa wale waliolalamikiwa.

Shule ya jeshi

Mfano ni Fort Huachuca, Arizona, ambako askari wa Marekani wa kada ya 35G, yaani wachambuzi wa picha, hufunzwa kwa takribani wiki 22 baada ya mafunzo ya awali ya uaskari. Huko unasoma picha za setilaiti, za ndege na za droni. Unapima, unatambua vifaa, unafuatilia gari kwenye video bila kupepesa, unaandika ripoti fupi ambayo mtu aliyechoka saa tisa usiku anaielewa mara ya kwanza. Hilo la mwisho nalisifu kwa dhati. Wahitimu wengi wa vyuo vikuu, nikiwamo mimi nilipoanza, wakiulizwa "je, daraja linapitika?" wanajibu kurasa tatu.

Faida nyingine ni wingi wa picha. Msoma picha hukomaa kama fundi cherehani, kwa vitambaa vilivyopita mikononi mwake, na jeshini picha ni nyingi kuliko unavyoweza kuzimaliza. Zaidi ya hapo, unakaa karibu na atakayetumia kazi yako. Ukikosea, utasikia.

Udhaifu wake ni kwamba wiki 22 zinamfanya mtu awe mwepesi wa kujibu alichoulizwa, na vita vya waasi humwadhibu aliyeulizwa swali baya. Ukiambiwa "tafuta njia wanazopita waasi", utazipata, maana kila njia ina mtu anayepita.

Usiku wa tarehe 3 Oktoba 2015, Kunduz, Afghanistan, ndege ya kivita ya Marekani, AC-130, ilitumwa kushambulia jengo la idara ya usalama lililoshikwa na Taliban. Ndege ilikuwa imesogea mbali na mahali pake pa kawaida kwa kuhofia kombora. Kodineti, yaani namba za kuonyesha mahali, zilipoingizwa kwenye mitambo, zikaangukia uwanja mtupu, zaidi ya mita 300 kutoka kwenye jengo lenyewe. Hapo wakaanza kutafuta kwa macho jengo linalofanana na maelezo waliyopewa, wakaliona. Baadaye ndege iliposogea, mitambo ikaonyesha mahali sahihi, lakini walishaamua. Lile jengo lilikuwa hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka, ambao kodineti zao walishazikabidhi kwa majeshi. Walikufa watu 42.

Siiwekei shule yoyote lawama ya Kunduz. Makosa yalikuwa mengi yamepangana. Nataka uone tu kilichokosekana pale: mtu wa kusema "kodineti na macho havikubaliani, tusimame kwanza". Ujasiri huo haufundishwi kwa kuongeza mwendo wa kusoma picha. Darasani wenzetu wanapenda kutania kwa methali ya mwenye macho haambiwi tazama. Kwenye kazi hii huyo ndiye wa kuambiwa, tena mara mbili.

Kwa msomaji wa Mombasa au Mwanza kuna jambo la kivitendo: kada ile inataka kibali cha siri cha ngazi ya juu, na kibali hicho kinataka uraia wa Marekani. Kwa jamaa zetu walioko Minneapolis au Houston wenye uraia, mlango upo. Wengine, shule ya jeshi maana yake ni jeshi la nchi yako, na humo utapangiwa, hutachagua.

Chuo kikuu kwa mtandao

Penn State, Pennsylvania, ni kati ya vyuo vya mwanzo kuichukua fani hii kama somo la chuo kikuu, kwa cheti cha uzamili kinachosomwa mtandaoni. Mwaka 2015 walifungua pia kozi ya bure kwenye jukwaa la mtandaoni la Coursera kuhusu ujasusi wa kijiografia, chini ya mwalimu Todd Bacastow. Vyeti vya namna hii hupata ithibati kutoka USGIF, taasisi iliyoanzishwa 2004 ikiwaunganisha watu wa serikali, makampuni na vyuo. Jina hilo lipo kwenye matangazo mengi ya kazi, basi lijue.

Utamu wa njia hii ni mbinu za kufikiri. Watu wa uchambuzi wa Marekani wamerithi kutoka kwa Richards Heuer, mkongwe wa CIA, utaratibu wa kuweka dhana zote zinazoshindana mezani kisha kutafuta ushahidi wa kuziua, badala ya kukusanya ushahidi wa kuipamba ile unayoipenda. Kwa picha yetu ya Palma: wavuvi, waasi, wakimbizi, wafanyabiashara wa magendo, waliokuja msibani. Kila alama unayoiona unaiuliza inamkataa nani. Taa nyingi zinawakataa waasi. Mashua kuwa za aina moja kunawakataa wakimbizi, maana mkimbizi hupanda chochote. Ni utaratibu wa kuchosha, lakini unamzuia mtu asiipende dhana yake.

Njia hii humfundisha mtu pia kuishuku data. Nilijifunza hili kwa aibu. Nilipakua matukio ya Cabo Delgado kutoka ACLED, shirika linalokusanya data za matukio ya migogoro, nikatengeneza ramani ya msongamano, nyekundu ikiwa na maana ya hatari. Pemba, makao makuu ya mkoa, ikatoka nyekundu kuliko nilivyotegemea, na mimi nikaanza kuandika aya nzima kueleza kwa nini. Mwenzangu aliyekuwa nyuma yangu akauliza, "Umeangalia safu ya uhakika wa mahali?" Sikuiangalia. Katika data zile 1 maana yake mahali panajulikana, 2 ni jirani na hapo, na 3 ni kwamba kinachojulikana ni eneo kubwa tu. Basi tukio la namna hiyo huweza kubandikwa kwenye makao makuu ya mkoa. Nilichokuwa nakieleza kwa aya nzima ni tabia ya jedwali. Afadhali sikuwa nimeipeleka Pemba ya kwetu, Zanzibar. Nimeona ramani iliyofanya hivyo. Na usiniulize kuhusu Majengo, ambayo kila mji una yake.

Kasoro ya chuo cha mtandaoni ni kwamba unaweza kumaliza kozi zote na watu ukawajua kama leya tu, yaani tabaka za ramani: leya ya makabila, leya ya lugha, rangi tofauti, mipaka iliyonyooka. Jeshi la Marekani lenyewe lilipogundua pengo hili lilijaribu kuliziba kwa kuajiri wanaanthropolojia na kuwapeleka vitani, mpango ulioitwa Human Terrain System, 2007 hadi 2014. Chama cha wanaanthropolojia cha Marekani kiliupinga mwaka huohuo wa 2007, kikisema unavunja maadili ya kutomdhuru unayemchunguza. Baadhi ya watafiti wake waliuawa kazini. Somo ninalolichukua mimi ni dogo: kuwajua watu hakuongezwi mwishoni kama chumvi ya mezani.

Halafu kuna ada. Hulipwa kwa dola, na hapo wengi wetu mjadala unaishia.

Jiomatiki ya nyumbani, na kinachokosekana

Ardhi pale Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Nairobi, Dedan Kimathi kule Nyeri, na kituo cha RCMRD cha Kasarani kilichoanza 1975: hizi si sehemu za kubeza. Mhitimu wao anajua jambo ambalo wengi waliosoma kwa video hawalijui, kwamba namba za kodineti bila datumu, yaani mfumo wa msingi ambao namba hizo zimepimwa kwao, hazina maana. Ramani zetu nyingi za zamani zimechorwa kwa Arc 1960. Simu yako inatumia WGS84. Ukichukua kodineti kutoka kwenye karatasi ya zamani ukaziingiza kwenye simu kama zilivyo, utakuwa umehama takribani mita 300. Kumbuka Kunduz. Mpimaji wa kwetu kosa hili anafundishwa akiwa mwaka wa pili, na kama alifanya mafunzo ya vitendo kwenye viwanja vyenye mgogoro, kalijua kwa kufukuzwa na panga.

Ana na lugha. Waasi wa Cabo Delgado, walioanza kwa kushambulia Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, wako katikati ya watu wanaosema Kimwani, Kimakonde na Kiswahili. Kundi la waasi la ADF linalosumbua Beni na Ituri, mashariki mwa Kongo, limo katika nchi ambako Kiswahili ndicho cha sokoni. Mtu anayesikiliza sauti za WhatsApp na kuelewa "wametokea upande wa ng'ambo ya mto" anamaanisha mto gani, huyo hapatikani kwa wiki 22. Anajua bamvua na maji mafu, kwa hiyo hatauita mchanga uliojitokeza maji yalipokupwa "gati jipya". Anajua moshi wa Septemba ni wa kuandaa mashamba, ndiyo maana nukta nyekundu za setilaiti za moto hazimshtui mpaka aone zimekaa juu ya mapaa.

Tunayo hata historia yake. Kenya ya hali ya hatari, 1952 hadi 1960, Waingereza walikuwa na picha za anga na walikuwa na ndege. Ndege zao za Lincoln ziliangusha mabomu misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Miti ilificha. Kilichowafikisha kwa wapiganaji wa Mau Mau zaidi ni wapiganaji waliogeuzwa, wakarudi msituni wakijifanya bado wenzao, wakizijua njia, milio na mazoea. Na mwaka 1954 ukaanza mpango wa kuwahamisha Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya milioni moja, kwa nguvu, wakae kwenye vijiji vyenye walinzi. Mwanafunzi wa fani hii akiona kwenye picha ya zamani safu za nyumba zilizonyooka kule Nyeri au Murang'a, mwalimu amuulize: nani alizipanga, na waliomo walitoka wapi? Kwetu swali hilo lina majibu majumbani. Wako wazee wanaokumbuka.

Sasa kinachokosekana. Kwanza, shahada zetu zimejengwa juu ya viwanja, barabara na mito. Somo la mgogoro halimo, na la kupima chanzo cha habari ni kama halimo. Pili, uandishi. Mhitimu anatoa ramani nzuri yenye mshale wa kaskazini na skeli, bila sentensi moja ya kusema ina maana gani na ana uhakika kiasi gani. Tatu, picha. Picha za setilaiti ya Ulaya, Sentinel-2, ni za bure, lakini pikseli yake, yaani nukta ndogo kabisa ya picha, ni mita 10; nyumba ya vyumba vitatu inaingia ndani ya pikseli moja na nafasi ikabaki. Kijiji kilichoungua utakiona. Pikipiki, sahau. Setilaiti za kibiashara zinazofika sentimita 30 na kitu zipo, kwa bei ambayo chuo chetu hakiwezi kumpa kila mwanafunzi. Wakati wa masika kuna mawingu, hapo jifunze rada ya Sentinel-1, ambayo nayo ni ya bure na wanafunzi wengi huikwepa kwa sababu picha zake hazipendezi.

Nne, na hili silisemi kwa furaha: ukaribu nao ni hatari. Anayejua kabila la kila kijiji anaweza kuanza kuliandika kabila kana kwamba ndilo kosa. Mgeni hukosea kwa kutojua, mwenyeji hukosea kwa kujua mno. Hapa ndipo ule utaratibu wa Heuer unapomfaa mtu wa nyumbani kuliko unavyomfaa Mmarekani.

Basi ni ipi?

Kama una miaka 20 na ushee, hujafungwa na ajira, na unataka kazi hii katika Afrika Mashariki, soma jiomatiki nyumbani, kisha ongeza vitu viwili: kozi ya mbinu za uchambuzi, hata ya bure, na lugha moja ya mahali unapopataka. Kireno kwa Cabo Delgado, Kifaransa kwa Kongo. Kiswahili umeshapewa bure. QGIS, programu ya bure ya ramani, itakutosha kwa miaka mingi.

Kama uko jeshini tayari na umepangiwa shule, nenda, uchukue nidhamu ya ripoti na macho ya haraka, halafu omba ruhusa ya miaka miwili ya jiografia ya watu kabla hujawa mtu wa kufundisha wengine. Kufundishwa na mtu aliyejua maumbo peke yake kunaendeleza ugonjwa uleule.

Cheti cha Penn State au mfano wake nakipendekeza kwa mtu mmoja tu bila kusita: aliye na miaka mitano ya kazi, ambaye ada inalipwa na mwajiri, na ambaye anataka kufanya kazi na Umoja wa Mataifa au mashirika ya kimataifa. MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha Kongo, walianza kurusha droni zisizo na silaha kutoka Goma Desemba 2013, na tangu hapo watu wa kuzisoma picha hizo wanatafutwa, wenye vyeti vinavyotambulika. Ukienda mapema kuliko hapo utapata maneno mazuri na utakosa mahali pa kuyaweka.

Popote utakapochagua, kabla hujalipa omba kitu kimoja kwa mkuu wa kozi: kazi ya mwisho ya mwanafunzi wa mwaka jana, jina likiwa limefutwa, ile iliyosahihishwa. Tazama wino mwekundu umeandika wapi. Ukikuta "umejuaje hili?" na "nani mwingine angeweza kufanya hivi?", toa pesa. Ukikuta mwalimu amepoteza wino wote kwenye rangi za ramani na ukubwa wa herufi, shukuru, kunywa chai yao, uondoke.